Neno la Asiyekubaliana Nasi

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, kabla ya kusomwa hesabu)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu leo, nasi twaomba radhi kwanza, kwa kuwa miongoni mwenu wamo waliokwisha kuketi barazani wakati sisi tungali tukibebwa mgongoni. Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, wala si kuongeza yake. Lakini Kamati imetuamuru tuseme juu ya kusemezana na kushirikiana kwa watu wenye mawazo mbalimbali, na amri ya Kamati haikataliwi. Basi tutasema kama tulivyoona kwa macho yetu, na palipo na kosa letu hatutalifunika.

Wengi wenu mwaijua habari ya mwaka uliopita. Walakini tumeingiza wanachama wapya, na wengine wameisikia njiani tu, ambako habari huota mikia. Tangu Chama hiki kilipoanzishwa, sehemu kubwa ya fedha yetu imekuwa ya kuwasitiri wafu. Mwanachama akifariki hapa mjini, Chama hununua jeneza, hukodi gari, na humfikisha nyumbani azikwe katika udongo wa baba zake. Ahadi hiyo ndiyo iliyowavuta wazee wetu kutoa senti zao mwezi baada ya mwezi, hata katika miezi ambayo unga wenyewe ulikuwa wa kukopa. Vijana nao wakaleta hoja yao: bei ya jeneza na ya mafuta ya gari imepanda mno, na watoto wa wanachama wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wakaomba sehemu ya akiba itengwe kwa ajili ya masomo, na kwamba mtu afaye mjini, jamaa zake wakiridhia, azikwe mjini.

Hoja zote mbili zina haki ndani yake. Tena tuseme wazi kwamba sisi makarani tulikuwa upande wa vijana, nanyi mlijua.

Mikono ilipohesabiwa, upande wa karo ulishinda kwa watu wachache. Kabla ya kuhesabiwa, mzee mmoja alisimama akasema kwa muda mrefu, naye alisema polepole kama wasemavyo watu wa umri wake, hata vijana wa nyuma wakaanza kuchekacheka na kutazama saa. Tulikuwa na kalamu mkononi, na hatukuandika hata neno lake moja. Usiku ule, tulipokaa kusafisha kumbukumbu za mkutano, tuliandika chini ya hoja ile maneno matatu: “Ikakubaliwa na wote.” Hatukuandika hivyo kwa hila. Tulidhani twaustahi mkutano, twausitiri ugomvi usionekane na watakaosoma baadaye. Sisi tuliosomea shule za misheni tulifundishwa kwamba kumbukumbu nzuri ni ile isiyo na mikwaruzo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Haikupita hata miezi mitatu, mwanachama wa siku nyingi akafariki. Mjane wake akaja na stakabadhi zake zote zimefungwa katika kitambaa, za miaka yote, hakuna mwezi uliokosekana. Mweka hazina akafungua daftari akamwonyesha kanuni mpya, na chini yake yale maneno matatu. Ndipo mmoja wa watia sahihi wetu, ambaye ni mzee, alipoyasoma kwa mara ya kwanza. Akasema, “Mimi nilikuwapo, wala sikukubali. Ikiwa hapa pameandikwa uongo, nitajuaje kama kwingine hapakuandikwa uongo?” Akaweka kalamu chini, akakataa kutia sahihi hundi yoyote, hata ile ndogo ya jeneza ambayo pande zote mbili ziliiridhia. Maiti ikalala katika chumba cha maiti siku tisa, na kila siku ina malipo yake. Mjane akauza cherehani aliyokuwa akipatia riziki. Mwishowe watu wachache, wazee kwa vijana, wakachanga kutoka mifukoni mwao wakakodi gari, likaondoka usiku wa manane. Hakikuwa Chama kilichomzika mwenzetu. Tangu hapo wazee kadha wa kadha hawakuleta ada, na vijana kadha wa kadha wakaanza kunong’ona kwamba heri tuwe na vyama viwili.

Na yule mzee aliyechekwa alisema nini? Tulimwendea nyumbani kwake baadaye kumwuliza, na jambo hilo tutalirudia. Kwa sasa mjue hili: alikuwa amesema kwamba kanuni mpya haikueleza itakuwaje kwa mwanachama aliyekwisha kulipa miaka mingi kwa ahadi ya zamani. Alikuwa ameliona kaburi kabla halijachimbwa. Lau tungaliandika neno lake, mtu angaliuliza swali, na swali lingalijibiwa siku ile ile kwa sentensi moja ya nyongeza.

Tulipokuwa tukitafuta namna ya kutoka katika shida hii, tulisoma habari za Wajir, nasi twaomba tuzieleze kwa kirefu, kwa maana ni habari za nchi yetu wenyewe, na shida yao ilikuwa kubwa kuliko yetu mara elfu.

Wilaya ya Wajir ilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu mara baada ya uhuru mpaka 1991. Mwaka huo huo serikali ya Somalia ikaanguka, silaha zikavuka mpaka, na ukame ukaua mifugo. Uchaguzi wa 1992 ukaongeza kuni motoni. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikawa zikivamiana, watu wakauawa, ngamia wakatekwa, hata ukoo na ukoo hawakuweza kuteka maji kisima kimoja. Uadui ukaingia mpaka sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakumwuzia mwanamke wa ukoo ule, wala hakununua kwake. Fikirini soko lililogawanyika namna hiyo. Maziwa yaharibika upande mmoja, na mtoto ana njaa upande wa pili.

Mwaka 1993 wanawake wachache walikutana katika arusi. Huko arusini, katikati ya mapishi, wakaanza kuulizana watafanya nini. Hawakuanza na mkutano mkubwa wa amani. Walianza na soko. Wakawaita wanawake wa koo zote, wakasemezana, wakaweka kamati ya kulitazama soko kila siku, ili kila mwanamke, awe wa ukoo gani, auze na anunue bila kuzuiwa. Na palipotokea ugomvi, kamati iliuamua pale pale kabla haujafika nyumbani kwa wanaume. Soko lilipotulia ndipo walipowaendea wazee.

Hapa pana jambo ambalo twaomba wazee wetu walitie moyoni, maana ni la hekima ya wazee wenzao. Ilikuwa shida kubwa kuamua nani awakutanishe, kwa kuwa kila ukoo mkubwa ulishukiwa na wengine. Basi akachaguliwa mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambao haukuwamo katika vita, akawa ndiye msemaji wa kuwaendea wengine. Hakuwa na watu wengi nyuma yake wala bunduki. Na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyemwogopa, na kila mmoja aliweza kumsikiliza bila kuona kwamba ameshindwa. Wazee wakakutana, na kabla mwaka 1993 haujaisha wakatoa Azimio la Al Fatah, lenye masharti ya kufuatwa na koo zote ili amani irudi. Vijana wakaingizwa, wafanyaji biashara wakaingizwa, viongozi wa dini wakaingizwa, na maofisa wa serikali nao. Mwaka 1995 kazi hiyo yote ikaunganishwa katika kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya, na mfano wake ukaigwa na wilaya nyingine za kaskazini.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa 1964, naye alikuwa bado hajafika miaka 30 kazi hii ilipoanza. Mwaka 2007 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Muda mfupi baadaye, nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa miongoni mwa wale waliokusanyika Nairobi kutafuta mapatano tangu siku za kwanza, kabla Bwana Kofi Annan hajafika Januari 2008 na kabla Mwai Kibaki na Raila Odinga hawajatia sahihi zao tarehe 28 Februari. Alifariki 2011. Sisi hatukumwona kwa macho, na twajuta.

Mtatuuliza, Je, soko la Wajir na daftari letu vina uhusiano gani? Twaona hivi. Wanawake wale hawakuwaambia watu waache kutofautiana. Degodia alibaki Degodia na Ajuran akabaki Ajuran, na madai ya malisho hayakufutwa kwa siku moja. Walichokifanya ni kutengeneza mahali ambapo adui aweza kuja na kusema neno lake akarudi kwake salama. Katika Chama chetu mahali hapo palikuwapo, ndio mkutano huu, lakini neno la mtu lilifika hapa likafia hapa. Aliyeshindwa kwa mikono aliporudi nyumbani hakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba alipata kusema.

Tena, tusipojidanganya, kuna watu katika Chama hiki ambao maneno yao hayakupata hata nafasi ya kufa. Akina mama wanatoa ada sawa na wanaume. Hukaa safu za nyuma, na wanapokuwa na neno humnong’oneza mtu mwanamume naye hulisema kwa namna yake. Siku hoja ya mazishi ilipoamuliwa hakuna mama hata mmoja aliyeulizwa, na hali mzigo wa matanga, tangu maji hadi majivu, uko juu ya vichwa vyao. Mjane tuliyemtaja alikuwapo siku ile. Alituambia baadaye kwamba alikuwa na swali lile lile la yule mzee.

Wako wasemao kwamba maneno mengi huchelewesha kazi. Ni kweli, na karani ajua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aumwaye mkono. Lakini siku tisa za chumba cha maiti hazikuletwa na wingi wa maneno. Wengine husema si adabu kijana kumpinga mzee mbele za watu. Nasi twakubali kwamba adabu ni nguzo, wala hatupendi desturi ya siku hizi ya kumjibu mtu mzima kana kwamba ni mwenzako wa kucheza karata. Walakini adabu i katika namna ya kusema, haimo katika kunyamaza. Kijana anayenyamaza mkutanoni kisha akaenda kupanga maneno yake pembeni, au kuyatawanya kwa simu usiku, huyo hakumheshimu mzee, amemwacha gizani. Na mzee anayenyamaza kwa hasira, akangoja jambo liharibike ili aseme “niliwaambia,” naye pia hatukumsifu.

Tutataja mfano mmoja tu wa mambo ya nchi, kwa ufupi, maana wengi wenu mwaukumbuka au mliusikia kwa baba zenu. Kuanzia Februari hadi Aprili 1962 wajumbe wetu walikaa Lancaster House, London, wakishindana juu ya katiba ya uhuru. KANU walitaka serikali moja yenye nguvu katikati. KADU, chini ya Bwana Ronald Ngala, waliogopa kwamba makabila madogo yatamezwa, wakataka majimbo yenye mabaraza yao, na Baraza la Senate la kuyalinda. Mwisho wake Kenyatta na Ngala wakawa mawaziri katika serikali moja ya mseto, na majimbo pamoja na Senate yakaandikwa katika katiba ya uhuru. Kisha KANU wakashinda uchaguzi wa 1963. KADU wakajivunja mnamo Novemba 1964. Mamlaka ya majimbo yakaondolewa. 1966 Senate ikaunganishwa na baraza la pili. Mwaka 1982 sheria ikakataza chama kingine chochote, mpaka kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991. Mtu wa 1970 angaliapa kwamba neno la KADU limekwisha kuzikwa. Lakini Agosti 2010 wananchi walipopiga kura ya katiba mpya, ndani yake mlikuwa na kaunti 47 zenye mabaraza yao, na Senate, navyo vikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Hatusemi kwamba kaunti ni yale yale majimbo ya zamani. Twasema hofu waliyoieleza watu wale 1962 haikuondoka kwa kushindwa kwao. Ilikaa miaka 48 ikingoja, na nchi ililipa gharama nyingi katika kungoja huko.

Sasa tuyarudie ya kwetu. Kamati imekubali mambo machache, nanyi mtayaona katika kijitabu hiki, ukurasa wa kanuni. Kubwa ni kwamba kila hoja nzito itaandikwa pamoja na neno la wale wasioikubali, kwa maneno yao, na kwa idadi yao. Na kabla kumbukumbu hazijatiwa sahihi, mtu mmoja wa upande ulioshindwa atazisoma kwanza. Maneno “ikakubaliwa na wote” hayataandikwa tena isipokuwa Mwenyekiti ameuliza kwa sauti kama yupo apingaye, na kimya kimejibu. Mazungumzo yataanzia safu za nyuma. Akina mama na vijana wataulizwa kwanza, na wazee watafunga. Jambo hili wazee wenyewe ndio waliolileta, na twawashukuru, kwa kuwa mzee akisema kwanza ni vigumu kwa mdogo kusema la pili. Hoja inayogusa fedha ya mazishi haitaamuliwa siku ile ile ilipoletwa. Itatajwa, itaendewa majumbani, itarudi mkutano unaofuata. Matusi ya ukoo na ya dini hayatasikilizwa hata kidogo, na asemaye hivyo atatolewa nje, awe mzee au kijana. Mwisho wa yote tutapiga kura, na wengi watashinda, maana Chama hakiwezi kukaa bila uamuzi.

Na lile la karo na mazishi? Bado hatujapatana kabisa, wala tusidanganyane. Hoja iliyo mbele yenu leo yasema kwamba waliokuwa wanachama kabla ya kanuni mpya watazikwa kwa ahadi ya zamani, wote, hata akiba ikipungua. Na karo itapata fedha yake kutoka ada ya nyongeza itakayolipwa na wale wanaoitaka. Vijana wanaona ni kidogo, wazee wanaona ni nyingi. Neno la kila upande limechapwa, nusu ukurasa kwa nusu ukurasa, na tulipima kwa rula ili asiwepo wa kulalamika. Cherehani ya mjane imo pia katika hoja. Kamati imependekeza inunuliwe kwa fedha ya Chama kabla ya matumizi mengine yoyote, na katika jambo hilo Mwenyekiti aliuliza kama yupo apingaye.

Limebaki moja. Ukurasa wa kumbukumbu za mwaka jana haukuchanwa, kwa sababu daftari la Chama halichanwi. Tumepiga mstari mmoja juu ya yale maneno matatu, ili yaendelee kusomeka, na kando yake tumebandika karatasi yenye maneno ya yule mzee kama alivyotusomea nyumbani kwake. Alitusahihisha mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tumeyafupisha, akasema, “Mwanangu, hayo ni maneno yako, sasa andika yangu.” Mara ya pili tulikosea jina la kijiji.

Mzee mwenyewe yupo hapa, ameketi karibu na dirisha. Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako tutaisoma karatasi hiyo sasa, polepole, naye atatukatiza tukikosea.